Jibu Bila Maelezo

Shemeji yangu alizindua kitabu changu Jumamosi moja mchana, kwenye ukumbi wa kukodi huko Alief, mtaa wa Houston, nami nikiwa nimekaa safu ya nne nikipiga makofi kama wageni wengine. Jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa lake. Picha ya nyuma ilikuwa yake pia, amevaa koti la kijivu alilolishonesha kwa ajili ya harusi yangu na mdogo wake. Lakini mafumbo sitini yaliyokuwa ndani yalikuwa yangu, yote. Maelezo tu ndiyo hayakuwa yangu. Hayo aliyaandika mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyomtia mikononi mwangu.

Kazi yangu ni mizigo iliyopotea. Nakaa kwenye ofisi moja Irving, Texas, karibu na uwanja wa ndege, na kutwa nzima napokea simu za watu ambao masanduku yao yamekwenda mji mwingine. Mtu anakwambia sanduku lake ni jeusi na lina magurudumu, kana kwamba duniani lipo moja tu la namna hiyo. Unamwacha aseme, afoke, alaumu, na wewe unasubiri lile neno moja litakalokusaidia: utepe wa kijani, mpini uliovunjika, kibandiko cha mtoto. Nadhani kazi hiyo ndiyo iliyonizoesha kusikiliza maneno moja moja. Miaka sita iliyopita nilikuta kitabu cha mafumbo ya Kiingereza kwenye rafu ya vitabu vya kugawa bure maktabani, nikakichukua kwa ajili ya mapumziko ya chakula cha mchana. Mwaka mzima kilinishinda. Kisha siku moja nikaelewa, na nilichoelewa ni kwamba mchezo ule niliujua tangu utotoni Tanga.

Bibi yangu na dada yake walikuwa wakizungumza kinyume sisi watoto tusielewe. Badala ya leta maji wanasema *tale jima*. Tulikaa mlangoni tukigeuza silabi vichwani mpaka siri zao zote tukazijua, nani kaachwa, nani ana mimba. Mafumbo yale ya Kiingereza yalikuwa na ujanja wa aina hiyo hiyo. Sentensi inaonekana inasema jambo moja, kumbe imegawanyika pande mbili. Upande mmoja unakupa maana ya jibu. Upande wa pili unakwambia jibu limejengwaje: herufi zimevurugwa, au neno limegeuzwa, au limefichwa ndani ya maneno mengine. Na sharti lake ni moja, hakuna neno la mapambo. Kila neno lina kazi.

Nikaanza kuyatunga kwa Kiswahili. La kwanza lililonipendeza lilikuwa hili: *Bahari iliyochafuka imeleta taarifa, herufi sita.* Ukiichafua bahari, yaani ukizivuruga herufi zake, unapata habari, na habari ndiyo taarifa. Nililitunga nikiwa nimeegesha gari nje ya duka la dawa, nikapiga usukani kwa furaha hadi honi ikalia.

Kila Ijumaa nilituma fumbo moja kwenye kundi letu la simu, Waswahili wa kaskazini mwa Texas, Watanzania na Wakenya wa pwani na Wakongo wawili watatu. Watu walibishana siku mbili. Jumapili baada ya chakula cha mchana nilirekodi sauti nikaeleza jibu, neno kwa neno. Wapo walioniambia wanasikiliza maelezo yale kuliko wanavyosikiliza mahubiri. Kuandika sikuyaandika hata siku moja. Yalikuwa ni ya kusemwa.

Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, hakuwa kwenye kundi. Yeye anakaa Houston na ni mtu wa kuheshimiwa huko. Anafundisha watoto Kiswahili Jumamosi, anaongoza vikao, akisimama kwenye msiba watu wanatulia. Alinipigia akasema amesikia habari za mafumbo yangu na angependa kuyatumia darasani, nimtumie yale mazuri pamoja na majibu. Nilifurahi, sitasema uongo. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kuniuliza jambo lolote zaidi ya kama mumewe dada yake wa Dar amefika salama. Nikakaa wiki mbili nikachagua sitini, nikayachapa na majibu yake, nikamwambia maelezo nitakuja kuwapa watoto mwenyewe, anipangie siku. Akasema itapangwa.

Haikupangwa. Baada ya miezi minane mtu alitupia tangazo kwenye kundi: uzinduzi wa kitabu cha mafumbo, mtunzi fulani, wote mnakaribishwa. Kwenye tangazo waliweka fumbo moja la kuonja. Lilikuwa bahari iliyochafuka, na wawili watatu wa kundini waliniandikia pembeni kuniuliza kama si langu.

Nilimpigia shemeji palepale kutoka chumba cha mapumziko kazini, nimesimama karibu na mashine ya kahawa. Hakushtuka. Alinisikiliza hadi mwisho kwa upole wake wote wa vikaoni, kisha akasema, "Shemeji, mafumbo ni mali ya lugha. Hayana mwenyewe. Wewe uliyaokota, na mimi nimeyaokota." Akaongeza kwamba amenishukuru ukurasa wa mbele.

Kitabu kilipofika kwa posta nilitazama ukurasa huo kwanza. Alikuwa amemshukuru shemeji yake wa Irving kwa msaada wa kuchapa.

Halafu nikasoma maelezo. Jamani. Hakujua kabisa yale ni mafumbo ya namna gani. Alidhani ni vitendawili. Kwenye bahari iliyochafuka alieleza kuwa zamani habari zililetwa na mabaharia, na bahari ikichafuka walichelewa, kwa hiyo habari ilikuwa na thamani. Lipo fumbo langu jingine lisemalo, *Kitu kitamu kimefichwa kwenye kisu Kariakoo, herufi sita.* Jibu ni sukari, nalo liko palepale machoni pako: malizia kisu, anza Kariakoo, soma bila kupumua, su-kari. Yeye aliandika kuwa Kariakoo ndiko sukari inakouzwa, na kisu ni cha kupasulia gunia. Sitini yote alikuwa ameyaua namna hiyo. Kuibiwa kuliniuma, lakini kule kuyaona yamevishwa maneno ya kijinga na kutembezwa mbele za watu kuliniuma zaidi. Nilikwenda bafuni kazini nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye simu nikamtafutia bwana mmoja sanduku lake jeusi lenye magurudumu.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa amani na anafanya kazi kwenye ofisi kubwa Plano ambako kazi yake ni kutuliza watu, aliniomba niache. Alisema yule ni kaka yake mkubwa, wazazi wote wamekwisha, amebaki yeye badala ya baba. Alisema kitabu chenyewe watanunua watu thelathini na watakisahau. Akasema tutakwenda kwenye uzinduzi kama familia, tutakaa, tutakula, tutarudi. Nikamjibu sawa, tutakwenda.

Nilikuwa na wiki tatu. Katika wiki hizo nilikuwa mtu mwema sana nyumbani. Sikupandisha sauti, sikumtaja kaka yake. Kila asubuhi njiani kwenda kazini nilikuwa nachagua maswali. Sikutaka kusimama nipige kelele kwamba nimeibiwa, maana mwanamke anayepiga kelele ukumbini anaonekana yeye ndiye mwenye tatizo, hata akiwa na haki. Nilitaka kuuliza tu, kwa adabu, kama mpenzi wa kitabu. Nilijua mwizi wa majibu hana la kufanya akiulizwa njia. Nilichagua maswali matatu na nikayapanga: la kwanza la kumpa raha, la pili la kumbana, la tatu nilimwachia ajimalize mwenyewe, ingawa sikujua angejimaliza kwa kitu gani.

Siku ile tulitoka Irving asubuhi, mwendo wa saa nne barabarani, mume wangu akiendesha na redio imewashwa. Nilivaa gauni langu la bluu na hereni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Masinia ya pilau na sambusa yalikuwa mezani yamefunikwa karatasi ya fedha, watoto wanakimbia kwenye maegesho. Shemeji alitukumbatia wote wawili mlangoni. Alinisifu gauni.

Alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alieleza namna alivyoumizwa kuona watoto wetu wakiulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, ndipo akaamua kuketi na kutunga. Alisema *kutunga* mara tano au sita, na mimi kila mara nilipiga makofi. Kisha mwendesha shughuli akauliza nani ana swali, na nikanyoosha mkono. Mume wangu alinigusa goti. Nikasimama.

Nilianza na kisu cha Kariakoo. Nilimwomba atueleze sukari inapatikana vipi, maana wengine hatukupata. Akatabasamu, akaeleza habari za soko na gunia, akanogesha kwa kisa cha mpagazi aliyekuwa akilamba vidole. Watu walicheka. Nikamshukuru, nikauliza kama mafumbo yote yanafumbuliwa kwa maana namna hiyo. Akasema ndiyo, siri ni maana. Alilisema kwenye kipaza sauti, na mimi nilitaka hasa lisikike huko.

Kisha nikafungua kitabu nikasoma, "*Geuza mate, yatoe mdomoni, herufi nne.* Jibu umesema ni tema."

"Naam," akasema. "Mate hutemwa."

"Nimeelewa, shemeji. Sasa hilo neno *geuza*, linafanya kazi gani?"

Alitazama ukurasa. Akasema ni kugeuza uso pembeni, kwa adabu, kabla ya kutema. Wachache walicheka, lakini si kicheko cha mwanzo. Nikauliza tena, kwa sauti ileile, kwa nini basi fumbo halikusema geuza uso, limesema geuza mate. Akasema ni ushairi.

Safu ya mbele alikaa mama mmoja wa Lamu mwenye duka la vitambaa hapo hapo Alief. Mtu wa makamo, mzito, mwenye miwani ya mnyororo. Yeye hakuwa na habari na ugomvi wetu. Alikuwa akinong'ona na vidole vyake, kisha akasema kwa sauti, kama mtu aliyepata ufunguo wake mkobani, "Mate, te-ma. Si kinyume hicho?"

Mnong'ono ukaanza safu ya mbele ukaja mpaka kwetu. Nikawaona watu wakitamka, ma-te, te-ma, midomo inacheza. Mtu mmoja akafungua kitabu akarudi kwenye Kariakoo, na sekunde chache baadaye akasema, "Aa, sukari si hii hapa!" Wakaanza kuonyeshana kwa vidole. Na yule mama wa Lamu, bila ubaya wowote, akamgeukia mtunzi akamwuliza mbona maelezo ya kitabu hayasemi hivyo.

Ningeweza kuketi. Nilikuwa nimepata nilichokijia, au robo tatu yake. Lakini nilikuwa na swali la tatu, na niliona jasho kwenye paji lake la uso, na sitaficha kwamba kile kijasho kilinipa nguvu kuliko pilau lote la Houston. Nikamwomba atuambie fumbo la bahari iliyochafuka alilitunga lini na namna gani.

Nadhani hapo alitaka kuurudisha ukumbi. Aliweka kitabu mezani, akavua miwani. Akasema yapo mambo ya herufi na yapo mambo ya moyo, na lile lilikuwa la moyo. Akasema alikuwa Galveston peke yake, ufukweni, bahari imechafuka kweli, ndipo simu ikalia ikamletea habari ya kifo cha mama yake. Akasema alilia pale mchangani, na fumbo likamjia lenyewe. Sauti ilimkatika. Wanawake wawili walishika vifua.

Mimi nilikaa. Mama mkwe wangu alipofariki simu ilipigwa kwangu, kazini, na wifi yangu wa Dar, kwa sababu mume wangu alikuwa kikaoni amezima yake. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu. Naye alikataa kumwambia kaka yake kwa simu. Aliingia garini akaenda Houston saa nne nzima ili amwambie uso kwa uso, na kile walichofanya wale ndugu wawili siku ile kwenye ua wa nyumba, hakuwahi kunieleza zaidi ya sentensi moja.

Mume wangu alisimama. Hakuomba kipaza sauti. Alisema polepole, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Kaka, siku ile nilikukuta unaosha gari."

Mume wangu akaendelea, sasa kama anazungumza naye peke yake. "Mpira wa maji ulikuwa mkononi. Ulinimwagia maji viatuni. Tulikaa pale chini tumelowa. Ile ni yetu mimi na wewe, kaka. Hiyo nayo umeitungia?"

Kisha akachukua koti lake akatoka, nami nikamfuata. Nyuma yetu nilimsikia mwendesha shughuli akitangaza chakula.

Njiani kurudi, karibu na mji wa Corsicana, mume wangu aliniuliza kama nilijua kaka yake atasema vile. Nikamwambia hapana, na ni kweli sikujua. Hakuuliza kama ningeuliza hata hivyo, na ninashukuru, maana ningemjibu ukweli. Alilia kidogo akiendesha. Nilimwonea huruma yeye. Yule mwingine sikumwonea. Moyoni nilikuwa narudia kile kimya cha ukumbini kama mtu anavyorudia kulamba kijiko.

Ndugu wale hawakuzungumza miezi miwili. Wazee wa chama cha Waswahili huko Houston walijaribu kutupatanisha kwa simu, wakaniambia nimwombe radhi kwa kumwaibisha mtu mzima. Nikawauliza ni lipi kati ya maswali yangu matatu lilikuwa na tusi. Hawakulipata. Vitabu alivirudisha nyumbani kwake, na nikasikia kwamba darasa la Jumamosi wazazi kadhaa walikuwa wakimwuliza watoto wao wanafundishwa nini hasa.

Mwisho alinipigia mimi. Hakumpigia ndugu yake. Alisema amechoka, ndugu yake hapokei simu yake, akaniuliza nataka nini. Jina langu kwenye jalada alikuwa tayari kuliweka. Nilimwambia jalada linaweza kusubiri. Nilitaka aje Irving, aketi mezani kwangu, na nimweleze mafumbo yote sitini, moja baada ya jingine, naye aandike kwa mkono wake.

Alidhani natania. Nikamtajia siku na saa.

Alikuja Jumamosi mbili mfululizo, saa nane mchana. Mume wangu siku ya kwanza alitoka nyumbani. Siku ya pili alibaki, akakaa sebuleni na gazeti, na kabla ya kaka yake kuondoka alimpeleka hadi kwenye gari, wakasimama pale muda mrefu. Hilo lilikuwa lao. Langu lilikuwa mezani. Nilimkaribisha kwa chai ndani ya kikombe chenye ufa, makusudi, huku vizima vimejaa kabatini mbele ya macho yake. Nilimweleza kwa utaratibu wa kumwudhi mtu. Akikosea neno nilimwambia alifute aandike upya. Mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye mvi, ameinama kwenye daftari la mistari kama mwanafunzi, na mimi nimesimama juu ya bega lake. Nilifurahi. Watu huniambia kisasi hakishibishi. Mimi nilishiba.

Kilichoniharibia kilitokea Jumamosi ya pili, tukiwa kwenye hamsini na nne. Nilisoma, "*Wali ukigeuzwa hupakwa usoni, herufi nne.*" Nikanywa chai kidogo kabla ya kuanza maelezo. Yeye hakuandika. Alikuwa anatazama neno, na midomo yake ikaanza kucheza, wa-li, wa-li, kisha uso mzima ukamfunguka.

"Liwa," akasema. "Liwa! Mama alikuwa akisaga kila Alhamisi."

Aliinua macho akanitazama. Nilimjua mtu yule miaka kumi na moja na sikuwahi kumwona na uso ule. Ulikuwa uso wangu, nje ya duka la dawa, honi inalia. Alikuwa ananisubiri nimwambie amepatia, na kwamba lile ni zuri, na kwamba sasa ameelewa.

Nikafunua ukurasa.

"Hamsini na tano," nikamwambia. "Andika."